UZI: Sisi tunaokaa na wagonjwa nyumbani, saa ya mazoezi inatoka wapi? (Bukavu, Goma, L'shi karibuni)

kivu_asubuhi (Bukavu)

Jambo ndugu zangu. Hii uzi ni ya wale wote wanakaaka na mgonjwa ku nyumba, iwe mama, baba, bwana, bibi, mtoto mwenye ulemavu, koko (babu ama nyanya) ambaye hatembei tena. Nataka tuongee mambo ya mwili wetu sisi wenyewe. Juu kila mara tukienda ku lopitali munganga anapima mgonjwa, anauliza mgonjwa amekula nini, amelala namna gani, na yule mwenye amemleta, amemshika mkono, mgongo unamuuma na tansio (presha ya damu) iko juu, hakuna mwenye anamuuliza kitu, anabeba karatasi za dawa anarudi nyumbani kuendelea.

Mimi namtunza mama tangu apate AVC (kiharusi), upande wa kuume ulilegea. Tunaishi Kadutu kule juu, njia ya kuingia kwetu ni ngazi za udongo, mvua ikinyesha hata mwenye nguvu anashika ukuta. Kazi inaanza mbele ya jua: kumgeuza, kumsafisha, uji, dawa, kufua mashuka, maji, kupika bugali, dawa tena, kumgeuza tena, na usiku vilevile. Ndugu zangu wako, kaka mmoja Kinshasa, mmoja Bagira, na mdogo wetu wa mwisho anasoma chuo hapa hapa mjini. Kwa makuta wanasaidia, siwalalamikii hata kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila pahali wanatuambia jipangie muda, amka mapema kidogo, weka nia. Mtu mwenye usingizi wake ni vipande vipande juu anageuza mgonjwa usiku, umwambie aamke mapema zaidi? Saa ya gadimalade, yule mwenye kumtunza mgonjwa, haiko mkononi mwa gadimalade. Ili mimi nitembee nusu saa, lazima kuwe mtu mwingine amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mama, na yule mtu ajue kumgeuza na ajue dawa iko wapi. Kwa hiyo mbele ya kuuliza nifanye spor gani, uliza nani atakaa na mama. Na hilo jibu halipatikani kwa gadimalade peke yake, linapatikana ku kikao cha familia.

Kwetu tunajua kuchanga makuta. Harusi tunachanga, matanga tunachanga, lopitali tunachanga, kuna hadi mtu wa kuandika majina ya waliotoa na wenye deni. Masaa hatuchangi. Njo maana mimi niliomba kikao na sikuomba hata franka moja, niliomba masaa. Nilisema wazi mbele ya wote, nimekaa na mama miaka hii yote mwili wangu unakwisha, nikianguka mimi mtakuwa na wagonjwa wawili na hakuna wa kuwatunza. Kaka wa Bagira akachukua jioni mbili kwa juma, mdogo wetu akachukua Jumamosi asubuhi, na yule wa Kinshasa kwa kuwa hawezi kufika yeye njo analipa moto (pikipiki) ya kuleta kaka kutoka Bagira na kumrudisha, juu sababu ya kwanza ya kaka kukosa ilikuwa usafiri.

Tulichukua karatasi ya kaye (daftari) ya mtoto tukaibandika ukutani juu ya kitanda, kalamu nyekundu: dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, ageuzwe kila baada ya saa mbili, mto uwekwe wapi, akikohoa akiwa anakula musimlazimishe aendelee, namba ya munganga. Ile karatasi imenisaidia kuliko maneno mingi. Mwanzoni kaka alikuwa ananipigia simu kila dakika, mto uko wapi, mpira wa sondo uko wapi, nikawa natembea na simu ku sikio. Sasa anasoma ukuta.

Njia yangu: nashuka mpaka Nyawera, naelekea upande wa Labotte pale unaona ziwa, nageuka narudi kupanda. Siku hizi mbele ya kutoka tunaulizanaka kwanza hali ya kartie (mtaa) iko namna gani, kukiwa maneno naruka ngazi zetu tu, juu na chini, mpaka nipate jasho.

Wenzangu ninyi munafanya namna gani? Nani anakaa na mgonjwa wakati unatoka?

---

bido_kichwani (Bukavu)

Dada, nakuheshimu, lakini mi naona hii mambo ya mazoezi ni ya watu wenye kukaa ofisi. Mimi nageuza baba mkwe kila siku, nabeba bido ya lita 20 toka ku bomba ya chini, napanda nayo Cimpunda, nafua, natwanga, nasukuma. Jioni miguu inatetemeka. Sasa niongeze tena kukimbia? Mwili uko tayari ku mazoezi toka asubuhi mpaka usiku. Mi nahitaji kulala, si kutembea.

---

kivu_asubuhi

Dada yangu nimekusikia na sikukatalii. Kulala nako ni haki yako, na kama umepata mtu wa kukukalia nusu saa na unaanguka kwa usingizi, lala, usione haya. Nilianza hivyo hivyo, kaka alipokuja siku za kwanza nililala tu, kiatu sikukigusa. Mazoezi yalikuja nyuma, deni la usingizi lilipopungua. Lakini mambo ya bido na mazoezi ni kitu kimoja ama hapana, ningependa mtu wa kazi ajibu, najua humu muko na watu wa kine, wale wa kunyoosha viungo vya wagonjwa.

---

kine_mlimani (Bukavu)

Niko. Nafanyaka kazi ya kine, watu wa AVC ni wengi sana kwangu, na kusema kweli nusu ya migongo naikanda ni ya wale wanaoleta mgonjwa.

Mama wa bido ana haki sehemu moja. OMS (shirika la afya la dunia, WHO), katika mwongozo wao wa mwaka 2020, wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kazi ya mwili ya kiasi, ama 75 mpaka 150 kama ni ya nguvu sana, na juu ya hiyo kutia misuli nguvu siku 2 ama zaidi kwa juma. Na hawasemi lazima iwe spor. Kutembea kwenda soko, kupanda mlima, kazi za nyumba, kulima, vyote wanavihesabu. Zamani walikuwa wanasema vipande viwe vya dakika 10 angalau ndiyo vihesabiwe, mwaka 2020 wakaondoa hiyo sharti. Kwa hiyo dakika tano hapa na tano pale zote zinaingia. Kwa mtu wa Kadutu ama Cimpunda, kwa upande wa moyo na mapafu, mlima unafanya kazi kubwa tayari.

Namna ya kujua kama ni ya kiasi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, hiyo sasa ni ya nguvu.

Lakini kubeba na kufanya mazoezi havifanani. Ukibeba bido unabeba upande uleule kila siku, ukigeuza mgonjwa unainama upande uleule juu kitanda kimesukumwa ku ukuta, na huna ruhusa ya kupumzika misuli ikichoka, juu mgonjwa hawezi kungoja na maji hayawezi kungoja. Misuli inakuwa na nguvu pale inafanya kazi halafu inapumzika. Kazi bila pumziko inachosha tu, njo pale kiuno kinaanza kuuma. Mazoezi ya gadimalade ni ya kurudisha usawa: upande haufanyi kazi upate kazi, upande uliochoka ulegezwe.

Na ningewaomba kwanza mbele ya mazoezi yoyote mubadilishe namna ya kuinua mgonjwa, juu hata utembee kila siku, ukiinua vibaya asubuhi na jioni mgongo utakwisha tu. Namna wengi wanafanya: mgonjwa anakushika shingo na mikono miwili, wewe unamvuta kwa makwapa. Hapo unaharibu shingo yako na bega lake. Bega la upande uliolegea ku AVC halina misuli ya kulishika, ukilivuta linatoka polepole mahali pake na maumivu yake hayaishi.

Fanya hivi. Kiti kikae upande wake wenye nguvu, karibu kabisa na kitanda, kimegeuka kidogo. Mkalishe pembeni ya kitanda, nyayo zote mbili chini, viatu ama chini kavu, siyo soksi. Umsogeze mbele mpaka matako yakaribie kutoka ku kitanda. Wewe simama mbele yake, miguu imepanuka, goti lako lizuie goti lake la upande dhaifu lisianguke. Mkunjie kitenge kiunoni ukifunge vizuri, ushike pale, si ku makwapa. Mwambie ainame mbele, pua ielekee ku vidole vya miguu, hapo uzito wake wenyewe unamwinua. Muhesabu pamoja, moja, mbili, tatu, wewe unakunja magoti na mgongo unabaki sawa, anasimama, munageuka hatua ndogo ndogo, anakaa. Akiwa ni mzito kabisa ama hasaidii hata kidogo, usijaribu peke yako, muwe wawili.

Kumvuta juu ku kitanda vilevile, usimvute. Kitenge ama shuka la kukunjwa mara mbili chini ya mabega mpaka chini ya matako, watu wawili huku na huku, munateleza naye. Na kitanda kitoeni ku ukuta kama chumba kinaruhusu, ili siku moja ugeuze toka kuume siku nyingine toka kushoto.

---

kivu_asubuhi

Ndugu kine, asante kabisa. Hii ya kuinama mbele mama amefanya leo mbele ya kaka, kaka akabaki anashangaa. Mama mwenyewe alipoona anasimama bila kuvutwa akasema turudie.

---

papa_katuba (Lubumbashi)

Jambo wote. Mi niko Katuba, nakaaka na bibi yangu (mke wangu), diabete (sukari) ilimchukua mguu. Batoto batatu, mukubwa njo ananisaidia. Kwetu huku Lubumbashi njia ni tambarare, barabara kubwa, kutembea si shida, kama si vumbi ya wakati wa kiangazi. Mu mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inauma lakini inafaa kwa kutembea.

Shida yangu mi ilikuwa midomo ya batu. Nilipoanza kutoka asubuhi na kukimbia mbio kidogo, jirani mumoja akasema paka hivi, "Bibi yake hana mguu, yeye anakimbia mu barabara." Hayo maneno yakafika ku masikio ya bakwe zangu. Shemeji akanipigia simu, naye hakuniuliza bibi analala namna gani, aliniuliza kama ni kweli nakimbiaka. Nilikaa muda mingi bila kutoka tena. Nilikuwa naona kama naiba.

Mwenye alinifungua ni bibi yangu mwenyewe. Alisema yeye njo ananituma. Akaita shemeji ku simu, mbele yangu, akamwambia: mimi njo namuambia aende, juu akirudi anakuwa na uso mzuri na mikono haitetemeki akinifunga kidonda. Toka siku ile hakuna mwenye anaongea. Kwa hiyo kama mgonjwa wako ana akili zake na anaweza kusema, mwombe aseme mbele ya ndugu. Neno la mgonjwa lina uzito kuliko lako.

Na kitu kingine, mi sasa tunafanya pamoja. Yeye akiwa ku kiti anainua chupa za maji za lita moja na nusu, kila mukono moja, mi niko pembeni nafanya kusimama na kukaa ku kiti kingine. Mutoto anahesabu. Ni dakika kidogo tu lakini kila siku.

---

bido_kichwani

Papa katuba umenigusa. Mimi nalo neno la "anaiba saa" nimelisikia kwa mawifi. Wanaume wakitoka wanasema anaenda kutafuta, mwanamke akitoka wanauliza mgonjwa amemwachia nani. Na mi sikuzaliwa na baba mkwe, watoto wake wa tumbo wako hapa mjini, wanakuja Siku ya Mungu (Jumapili) na soda, wanakaa, wanasali, wanaenda.

---

kivu_asubuhi

Hapa njo pagumu na nataka tukae hapa kidogo, juu mazoezi tunaongea lakini shina lake liko hapa. Kwetu Bukavu mtunzaji karibu kila mara ni mwanamke: binti mwenye hajaolewa, ama bibi wa mtoto wa kiume, ama mtoto wa kike anatolewa masomo. Wanamchagua bila kikao. Anaanza siku ya kwanza kwa kusaidia, mwezi unapita, na kazi inabaki jina lake. Halafu wanamsifu, "ana roho nzuri, Mungu atamlipa". Mi naamini Mungu atalipa, lakini hiyo sifa imetufunga wengi. Mwenye roho nzuri anaona haya kuomba nusu saa.

Wale wanaokuja na soda, dada, waombe kitu kimoja kilicho wazi. Usiseme "nisaidieni", hiyo wanajibu tutaona. Sema: wewe, Jumatano jioni, kutoka saa hii mpaka saa hii, unakaa na baba. Mtu anaona haya kukataa saa moja ya kukaa na mzazi wake mwenyewe mbele ya wengine. Na wakija Siku ya Mungu tayari wako pale, acha soda yao ku meza, vaa viatu, sema natoka narudi, na utoke kweli. Mara ya kwanza watashangaa, mara ya pili watajua.

---

dada_himbi (Goma)

Mi niko Goma. Namlea mtoto wangu wa kiume, ana IMC, ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, hakai peke yake, miaka minane sasa na anazidi kuwa mzito. Namubeba mgongoni kwa kitenge kama katoto kadogo. Kiti cha magurudumu tulipewa, lakini munajua Goma, ukitoka lami ni mawe ya volkano tu, magurudumu yanakwama, unabeba mtoto na kiti pia. Baada ya Nyiragongo ya 2002 na ya 2021 kuna sehemu hata mtu mzima anatembea akiangalia chini.

Kwa hiyo kutembea kwangu hakuniwezekani kirahisi. Mazoezi yangu ni kwaya. Sisemi kwa kupamba, kwaya yetu tunacheza, repetisio ni saa nzima ya kuruka na kuinama na kupiga makofi, tunatoka tumelowa. Nilikuwa nimeacha kwaya kwa ajili ya mtoto. Mama raisi wa kwaya akaja nyumbani akasema leta mtoto. Sasa naenda naye, anawekwa ku mkeka katikati ya sauti ya pili, anasikiliza ngoma na kucheka, kila mama akimaliza zamu yake ya kuimba anamshika. Nimepata mazoezi na nimepata watu. Ile ya watu njo nilikosa zaidi. Nilikuwa nakaa siku nzima bila kuongea na mkubwa mwenzangu.

Swali kwa ndugu kine: mgongo wangu, kumubeba hivi mpaka lini?

---

kine_mlimani

Dada wa Himbi, kwaya yako inahesabiwa yote, kucheza kwa saa nzima mpaka ulowe si kidogo.

Kumbeba mgongoni: kwa kadiri anakua itabidi uache polepole, na uanze kuzoesha sasa mbele haijakuwa lazima. Kwa njia fupi mubebe lakini umpandishe toka ku kitu kirefu, meza ama ukuta mfupi, usimwinue toka chini kabisa. Chini kabisa njo inavunja watu. Akiwa mgongoni kitenge kifungwe juu, akae karibu na mwili wako, akining'inia chini anakuvuta nyuma. Na tafuta kine wa watoto hapo Goma akuonyeshe namna ya kumkalisha, juu mtoto wa IMC anayekaa vizuri anabebeka vizuri pia. Kwa sisi wa Bukavu kuna Heri Kwetu, wanahusika na watu wenye ulemavu, mzazi anaweza kuuliza pale.

Mazoezi matatu nawapa wote, mu chumba, bila kitu cha kununua. Kukaa na kusimama ku kiti bila kushika kwa mikono, polepole ku kushuka, mpaka mapaja yawake. Hayo mapaja njo yanainua mgonjwa, si mgongo. Kusukuma ukuta: simama mbali kidogo, mikono ku ukuta, kunja viwiko, rudi. Na kulala chali, magoti yamekunjwa, inua kiuno juu, shikilia kidogo, shusha. Hii ni ya mgongo wa chini na inafaa usiku mbele ya kulala. Ukitaka uzito, maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo bido ndogo ya lita 5 ni kilo 5 hivi, jaza kadiri unaweza. Siku mbili kwa juma zinatosha ya misuli, ziachane.

Kama kifua kinabana, kizunguzungu, pumzi inakata kuliko kawaida, simama na uende kwa munganga. Kwa hayo usingoje mwezi uishe.

---

niko_pekee (Bukavu)

Nimesoma yote. Ninyi muna ndugu. Mimi ni mtoto mmoja, baba alikufa, mama anasahau kila kitu, akiachwa anatoka njiani anapotea. Wengine wa familia wako kijijini na vita vimewatawanya. Kikao nikiite na nani?

---

kivu_asubuhi

Ndugu yangu pole, swali lako ni la kweli na lile la kikao halikusaidii wewe. Ngoja nikueleze kitu naona huku kwetu kinafanyika.

Ku avenyu yetu kuna mama mwenye anatunza bwana wake. Mimi na yeye tunabadilishana. Mtu mwenye anajua kumgeuza mgonjwa ni yule anageuza wake kila siku, hahitaji kufundishwa. Siku moja ananikalia, siku nyingine namkalia, hakuna deni la makuta. Na mtu wa ku kartie yako huwezi kumkosa, juu kila avenyu ya Bukavu iko na nyumba kama hizi, tatizo hatujuani, mgonjwa yuko ndani na pazia limefungwa.

Pili, kama unasali, nenda kwa wakubwa wa shirika lenu, ama kwa kundi la wamama wa kanisa. Wanakuja kutembelea wagonjwa, hiyo ni desturi yao. Wanakuja kumi kwa siku moja, wanaimba, wanaacha sabuni na sukari, wanaenda. Waombe waje mmoja mmoja, kwa siku tofauti, saa moja kila mtu. Mimi niliwaambia hivyo waziwazi wale wa kwetu na hawakukasirika, walisema hakuna mwenye aliwahi kuwaambia.

Na kwa mama mwenye anasahau, yeye miguu iko mizima? Basi mtembee pamoja.

---

niko_pekee

Miguu iko mizima kabisa, ananishinda mbio. Anapenda soko, alikuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, pale Kadutu.

---

kine_mlimani

Basi mazoezi yako iko tayari na yake pia. Nenda naye soko la Kadutu kwa miguu, asubuhi mbele watu hawajajaa, njia ileile kila siku, juu mwenye kusahau anatulia na kitu amezoea. Apewe kikapu chepesi abebe, asiende mikono mitupu, atajisikia yuko kazini. Kwa wenye miaka 65 na zaidi OMS wanaongeza mazoezi ya kusimama imara ili wasianguke, siku 3 ama zaidi kwa juma, na ngazi zetu na njia zetu za udongo zinafundisha hilo, mradi umshike mkono ku mahali pa utelezi. Mfukoni mwake weka karatasi yenye namba yako.

Na mtu mwenye kusahau akichoka vizuri mchana, usiku anatembeatembea kidogo. Si wote, lakini wengi. Nawe unalala.

---

papa_katuba

Swali moja. Mi niko na tansio, dawa nameza. Kuna mwenye aliniambia nisikimbie kabisa, moyo utapasuka. Ni kweli?

---

kine_mlimani

Papa, tansio yenye iko na dawa na munganga anaifuata, kutembea kunaisaidia kushuka, hakuizidishi. Anza na kutembea, ongeza polepole, mbio baadaye munganga akikubali. Usibebe vitu vizito huku umezuia pumzi, hapo njo tansio inaruka. Ukiinua, toa pumzi. Na dawa usiache eti juu unafanya mazoezi. Kama siku ile umepima iko juu sana ama kichwa kinakupasuka, pumzika na ujionyeshe ku lopitali.

Naongeza kwa wote: siku mukipeleka mgonjwa, mwambieni munganga apime na tansio yenu. Mashine tayari iko ku meza, ni dakika moja. Mukiomba hawakatai.

---

bido_kichwani

Narudi kuwapa habari. Siku ya Mungu walikuja na soda kama kawaida. Nilivaa viatu. Nikasema baba ageuzwe baada ya muda huu, kitenge kiko hapa, karatasi iko ku ukuta (niliandika kama dada wa kwanza alivyosema). Wifi mkubwa akauliza naenda wapi, nikasema natembea, narudi. Nikashuka mpaka ku stade ya Concorde nikazunguka huko, sikubeba kitu kichwani. Mikono ilikuwa inaning'inia tu, nilikuwa sijui niiweke wapi. Niliporudi baba amegeuzwa vibaya kidogo lakini amegeuzwa, na wifi anasema mgongo unamuuma. Nikamuonyesha namna ya goti na kitenge.

Ameniuliza kama Siku ya Mungu nyingine nitatoka tena. Nikamwambia ndiyo, na Jumatano pia namhitaji. Amesema atajibu.

---

kivu_asubuhi

Jumatano usimngoje ajibu, mpigie Jumanne jioni umkumbushe kama vile imeshakubalika. Na akikosa, niandikie mu inbox, kutoka kwetu mpaka Cimpunda si mbali, kaka akiwa kwa mama mimi naweza kuja kukukalia ile saa, halafu siku nyingine wewe unakuja kwangu. Wengine wa Kadutu na Bagira wenye wanataka kuingia ku zamu hii andikeni hapa avenyu gani na siku gani munaweza, majina ya wagonjwa musiweke.

---

niko_pekee

Mimi Bagira. Siku yoyote asubuhi tukishatoka soko, ila nakuja na mama, hawezi kubaki.

---

kivu_asubuhi

Njoo naye. Mama yangu alikuwa mteja wa sambaza pale Kadutu, watakuwa na maneno ya kuongea.